Mama Familia na Masharti ya Getini

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Familia aliweka mezani funguo za mapokezi, akavaa sweta yake ya kijivu, akaondoka kazini baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika nyumba zetu za mapumziko kando ya ziwa. Aliajiriwa zikiwa nyumba nne na choo kimoja cha nje. Anaziacha zikiwa kumi na mbili, zenye maji ya moto siku ambazo fundi bomba ameamka vizuri. Kwa wasiomfahamu, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mapokezi, mtu wa kwanza kukutana naye ukifika hapa na, kwa wengi, mtu wa mwisho.

Alipoanza kazi, kibao cha getini kilikuwa na mstari mmoja: nyumba hizi ni za familia. Leo kibao hicho ni kirefu kuliko mlinzi, kwa sababu kila mgeni aliyewahi kutukera ametuachia sharti. Wahasibu fulani walikuja kusherehekea kufunga mahesabu, godoro likaishia ziwani. Tangu hapo wanaume zaidi ya wawili hawalali hapa bila mke wala mtoto, ingawa godoro lenyewe halikuwekewa sharti lolote. Kwaya moja ilifanya mazoezi alfajiri, mbwa wa jirani wakaitikia, kwaya zikapigwa marufuku na mbwa wakabaki. Kisha wauguzi watano wa kike walicheka barazani mchana kutwa, na rafiki wa Mkurugenzi wa wakati huo akakosa usingizi wake wa baada ya chakula. Ndipo tukapata sharti kwamba wanawake watatu au zaidi hawapokelewi pasipo mwanamume wa familia. Yaani bwana mmoja alikosa kulala saa moja, nusu ya binadamu wakafungiwa mlango. Mtu aliye peke yake naye haruhusiwi, eti huwatia wageni wengine huzuni.

Jambo ambalo uongozi haukuwahi kulieleza ni familia ni nini hasa. Kazi hiyo aliachiwa mama wa watu pale mapokezi, na jina likamganda. Mtu mmoja wa ofisini alipendekeza wageni wadaiwe vyeti vya ndoa, Mama Familia akamuuliza cha kwake kiko wapi, na pendekezo likafa hapo hapo.

Yeye alikuwa na njia yake. Aliweka ufunguo mmoja mezani, akajifanya anatafuta kalamu, akawaacha wageni wapange wenyewe nani atalala wapi. Wakianza kubishana, ameridhika. Familia ya kweli, alitufundisha, hufika imenuniana tangu njiani. Mama hamsemeshi baba kwa sababu ya kona waliyoipita, mtoto wa kati analia, na shangazi anataka kitanda cha dirishani ila anataka aombwe. Wale wanaoambiana "chagua wewe", "hapana, anza wewe" ni watu wa ofisi moja, na alikuwa akiwarudisha bila hata kuketi.

Mkurugenzi wetu wa sasa alilijua hilo kabla hajatujua sisi. Wiki aliyoteuliwa alikuja kimyakimya na mkewe na vijana wao wawili, akijifanya mgeni wa kawaida ili atupeleleze. Baba alimfungulia mama mlango, mama akamshukuru baba, vijana wakawapisha wote wawili, na hakuna aliyegusa ufunguo. Mama Familia aliwatazama, akawaambia kwa upole kwamba hatupokei safari za kikazi. Walilala kwenye gesti ya barabarani, ukuta mmoja na karakana ya malori. Asubuhi bwana yule alirudi na barua ya uteuzi wake. Mama Familia aliisoma, akampa pole kwa usingizi na hakumwomba radhi kwa kosa, kwa maana hakuona kosa. Inasemekana usiku ule, kitanda kikiwa kimoja, familia ile iligombana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mkewe alituma salamu za shukrani. Mkurugenzi hajatuma.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kama pilipili, na amewarudisha watu wema wengi ambao hatia yao ilikuwa adabu. Baba mmoja na wanawe sita waliovaa fulana za rangi moja walikaa juani hadi adhuhuri kwa kudhaniwa timu ya mpira, mpaka kitinda mimba alipomng'ata kifungua mimba sikio. Walipewa nyumba kubwa na dawa ya kidonda.

Kwa upande wake, hakuolewa wala hakupata mtoto. Amekaa miaka yote hii katika chumba cha nyuma ya stoo ya mashuka, akiwauzia watu mapumziko. Mwaka fulani aliomba wiki moja katika nyumba namba saba, ile inayotazama maji, na alipe kama mgeni yeyote. Ofisi ilimjibu asubiri atakapokuwa na mwenzi. Alitusimulia akicheka, na mpishi akacheka naye. Mimi sikucheka, na hadi leo likinijia nakasirika upya.

Sasa tuje kwenye habari ambayo hotuba za kumuaga ziliiruka. Mwaka jana waliletwa hapa mabibi wanne waliojuana tangu bweni la shule, mmoja wao mwalimu mstaafu. Aliyewaleta ni mtoto wa kiume wa mmoja wao. Aliandikwa kama mwanamume wa familia, akashusha mabegi, akaaga, akaondoka na gari lake. Kwa mujibu wa kibao, mabibi hao nao walipaswa kuondoka. Mama Familia aliweka ufunguo mezani, akatafuta kalamu. Kabla hajaipata, bibi mnene alikuwa ameshaunyakua. "We Mwalimu, dirishani ulilala wewe bweni zima, leo utanisamehe!" Mwalimu akamjibu kwamba mgonjwa ni yeye, na mgonjwa ndiye anayechagua. Kisha yule mnene akasema kwa sauti ya chini, "Usinitishie na ugonjwa wako," akampa ufunguo. Daktari alikuwa amemwambia Mwalimu asipange safari ya mwakani. Mama Familia aliwaandika familia, nyumba namba saba, wiki nzima.

Walicheka sana wiki ile. Mgeni wa nyumba namba nane alilalamika, Mkurugenzi akashuka mwenyewe, akauliza mwanamume wao ni yupi. Mama Familia alimwambia hayupo na hahitajiki. Akaamriwa awatoe jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikamwona akilifunga daftari la wageni. Alisema, "Watatoka Jumapili, mzee. Ukiwataka leo, kawatoe wewe." Mkurugenzi alitazama upande wa baraza, ambako mabibi wanne walikuwa wakimtazama, akakumbuka ana kikao.

Mabibi walitoka Jumapili. Mwezi uliofuata tangazo la ofisi likasema mkuu wa mapokezi ameomba kustaafu mapema, mwisho wa Juni, kwa hiari yake. Hiari hiyo sisi wa mapokezi hatukuiona ikipita. Mwalimu alifariki miezi michache baadaye, na wenzake walitupigia simu wakamtaka Mama Familia, si ofisi.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Viti vilitosha, vipaza sauti vilifanya kazi, na Mkurugenzi alimsifu Mama Familia kwa kulinda maadili ya nyumba hizi bila kuyumba. Kisha akamkabidhi zawadi ya uongozi: wiki moja katika nyumba namba saba, yeye na mumewe. Ndivyo ilivyoandikwa, yeye na mumewe, kwa herufi za dhahabu. Baada ya miaka ishirini na saba, ofisi haikuwa imejua kwamba hana mume, na ndiyo ofisi iliyomwambia asubiri ampate. Dobi alishindwa kujizuia, akatoka nje.

Mama Familia alishika kipaza sauti. Alishukuru kwa zawadi, akauliza kama ukumbini kuna bwana yeyote aliyekuja na mahari. Watu wakaangua kicheko. Walipotulia alisema zawadi yake anawapa mabibi watatu waliobaki, wakamalizie mazungumzo waliyoyaanza na Mwalimu. Mkurugenzi alikuwa akitazama upande wa mpiga picha. Aliposikia makofi naye akapiga makofi, akampa Mama Familia mkono, na picha yake akipeana mkono huo mnaiona kwenye jalada la jarida hili.

Kiti cha mapokezi nimepewa mimi, niliyekuwa msaidizi wake. Juzi ofisi ilinikumbusha kwa simu kwamba wanawake watatu bila mwanamume hawapokelewi, na zawadi haibadilishi masharti. Niliitikia, kwa kuwa simu ya ofisi huitikiwa. Mabibi wanafika Ijumaa. Mashuka ya namba saba nimeyatandika mwenyewe, kitanda cha dirishani nimekiwekea mito miwili, na yeyote atakayetaka kuwatoa atanikuta mlangoni.

Kwa niaba ya jikoni, bustani, dobi, ulinzi na mapokezi, tunakushukuru, Mama Familia. Ulitugombeza vya kutosha na tutakukosa vibaya sana. Lala hadi jua likuchome, usimfungulie mlango mtu usiyemtaka, na uishi siku nyingi zenye afya na raha. Ukisikia Jumatatu kwamba nami nimeomba kustaafu kwa hiari yangu, usihangaike kuuliza. Teleka chai, nakuja.