Mzee Gonga Aukabidhi Mtaimbo

Leo, tarehe thelathini, Mzee Gonga anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchimba makaa ya mawe. Wageni wetu msidhani jina hilo alipewa na wazazi. Tulimpa sisi wa zamu ya asubuhi, kwa sababu haingii mahali bila kugonga dari kwanza.

Mgodini kugonga kuna maana. Mwamba mzima ukiguswa kwa mtaimbo hulia kwa sauti kali. Uliolegea huitikia kwa sauti nzito, na hapo mwenye akili zake hutoka mbio. Tatizo ni kwamba Mzee hajui kuiacha kazi kazini. Amegonga dari ya kantini, ya zahanati, hata ya ukumbi wa harusi ya binti yake, mbele ya wakwe waliojikaza wasicheke wakashindwa. Nyumbani hugonga mlango ilhali ufunguo uko mfukoni, na mkewe hatulii jikoni mpaka ausikie mkono huo.

Ana sababu. Alipokuwa bado mgeni kazini, dari iliitikia vibaya, akasema. Msimamizi wa wakati huo akajibu kwamba asiyetaka kuingia aende zake na asirudi. Mzee akakimbilia kuleta nguzo za kuegemeza dari. Mdogo wake, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani na kibarua cha kulinda, akaingia. Tulimtoa akiwa maiti.

Baada ya msiba Mzee hakupiga kelele. Alizungumza nasi mmoja mmoja bafuni, tukijiosha vumbi: tuwe na chama, chenye haki ya kusimamisha kazi dari ikilegea. Uongozi ukatangaza kwamba atakayejiunga arudishe taa yake ya kofia, yaani kazi hana. Asubuhi iliyofuata Mzee aliiweka yake kwenye dirisha la chumba cha taa, taratibu, kama anayerudisha sufuria ya jirani. Akafuata fundi umeme, kisha wasukuma mabehewa, kisha sisi wengine. Mtunza taa alikosa pa kuziweka.

Mgodi ulikaa kimya mpaka uongozi ukakubali kuketi nasi. Katikati ya kikao, kwa mazoea tu, Mzee aligonga dari ya ofisi, na plasta ikadondokea chai ya meneja. Aliomba radhi, akafuta meza, akaendelea kudai pale pale alipoishia. Tukapata chama, na kifungu chake cha kwanza: anayekimbia dari mbovu hafukuzwi.

Mwaka juzi aligonga, akasikiliza, akatuamuru tutoke. Msimamizi wa sasa hakubisha, alitoka nasi. Dari ilishuka juu ya makoleo na chupa zetu za chai, basi. Miongoni mwetu alikuwamo fundi wetu wa nguzo, ambaye ndiye yule mtoto mchanga. Mzee alimshika mabega, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Leo kijana huyo anapokea mtaimbo kutoka kwa baba yake mkubwa.

Asante, Mzee wetu. Tuko hai kwa sababu ulisikiliza, ukatufundisha kudai. Pumzika, ule ushibe, uwachoshe wajukuu kwa hadithi. Nawe mama, uliyeutegea mlango sikio miaka yote hiyo, kuanzia kesho usihangaike. Mzee yuko ndani.