Karoti Mikono Miwili

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha viatu na duka la kinyozi, na wanaolikalia hujibu hata wasiloulizwa. Asubuhi ile swali lilikuwepo. Fundi Rangi, anayepuliza magari rangi karakana ya ng'ambo ya barabara, alisema shemeji yake anakojoa damu wiki ya tatu sasa, na hospitali hataki hata kuisikia. Alisema akiangalia kikombe chake cha kahawa. Mimi nikajiuliza: tangu lini mtu akamsimulia shemeji yake mambo ya chooni?

Profesa, fundi redio anayesoma mpaka karatasi za kufungia sabuni, akatoa kipande cha gazeti mfukoni.

— Hii hapa! Saratani ya kibofu. Watafiti wanachunguza kama vile vitu vinavyozipa mboga rangi huenda vinasaidia kuikinga.

— Huenda? nikauliza.

— "Huenda" ni adabu ya wasomi tu. Maana yake ndiyo.

— Saratani? Fundi Rangi akashtuka. Nani kasema saratani?

— Tulia, kaka, ni shemeji tu, akasema Kinyozi. Mwambie ale karoti.

— Ngapi?

— Wewe si ndiye fundi? Gari unalipiga rangi mikono mingapi?

Hapo Fundi Rangi akachangamka, maana kazi yake anaijua.

— Kwanza praima, rangi ya chini. Tuseme kabichi. Halafu karoti mikono miwili.

— Na vitunguu ndiyo vanishi, akasema Profesa. Vimwagwe juu ya kibofu, king'ae.

— Lakini rangi itafikaje huko chini? Kinyozi akauliza, kisha akajijibu mwenyewe. Akishakula alale kichwa chini, miguu ukutani. Itulie, ikauke.

— Kwa muda gani?

— Saa mbili. Na asicheke, itapasuka.

Fundi Rangi akawasha sigara ya tatu.

— Na sigara, je? nikasema. Na huo moshi wa rangi unaouvuta kutwa bila barakoa?

— Bwana wee, hayo si mboga, Profesa akanikata. Tusitoke nje ya mada.

Mara akafika mtu na baiskeli, kifua mbele, shavu limejaa. Kinyozi, anayemnyoa kila wiki, akaruka kumpisha.

— Shemeji! Pole sana. Kaa, usisimame sana.

— Pole ya nini?

— Ya huo mkojo wa damu.

Akacheka. Akaona anacheka peke yake, akatutazama mmoja mmoja.

— Nani anakojoa damu?

Profesa akakunja gazeti lake likawa dogo kama stempu. Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana wembe wa kusafisha. Fundi Rangi akarudi kukiangalia kikombe chake.

Shemeji akamwinamia Fundi Rangi, akashusha sauti.

— Dada anajua?

Akageuza baiskeli, akapigapiga kiti cha nyuma.

— Panda.

— Nitakuchafulia kiti, nina rangi.

— Panda, shemeji.

Akapanda. Nikawasindikiza kwa macho hadi kwenye kona ya zahanati, na aibu ilinishika kweli. Nilikuwa nimemshtukia Fundi Rangi tangu alipofungua mdomo, na neno hilo moja, "panda", lilinishinda kulisema.