Tiberiu Bârlea, Mtuliza Mpira wa Valea Arinului

Marehemu Tiberiu Bârlea alizaliwa tarehe 14 Novemba 1982 hapa Valea Arinului, Maramureș, mtoto wa pili wa mchimba madini Toader Bârlea, aliyetangulia mwaka 2003, na mama Palaghia, aliye nasi hapa. Kaka yake, Gavril, alikuwa na miaka mitano. Alipooneshwa kichanga, aliuliza kama anajua kudaka.

Uwanja wao ulikuwa shamba la miplamu nyuma ya nyumba, nalo lateremka hadi kijitoni. Sheria ya mama ilikuwa moja: aliyeupeleka mpira majini ndiye anayeufuata, hata kwenye maji ya theluji. Gavril akasimama upande wa chini kuuzuia; ndivyo alivyopata kuwa kipa. Tiberiu naye akajifunza kuukanyaga mpira ukatulia kama uliopigiliwa msumari, akawa kiungo.

Alisoma hapa kijijini, na mwaka 1994 akaenda shule ya michezo Baia Mare, akamaliza mwaka 2000. Mwalimu wa hisabati alimlalamikia mama kwamba kijana anazijua pembe zote za uwanja, ila za daftari hazijui hata moja. Mama akamjibu, "Basi mpe daftari lenye nyasi."

Alianza kazi katika timu ya mgodi wetu, Arinul, golini akiwa kaka yake. Mwaka 2004 alinunuliwa na klabu moja ya Cluj, akacheza huko miaka kumi na miwili: mechi 311, mabao 27. Aliitwa timu ya taifa mara moja, akakaa benchi dakika zote tisini. Mama alisema walau jezi ilirudi safi.

Tarehe 2 Septemba 2006 alifunga ndoa na Anuța, binti wa mwokaji mikate. Harusini, kwa mila yetu ya kumwiba bibi harusi hadi akombolewe, Gavril ndiye aliyemwiba, akamficha kwenye tanuri lililopoa la baba mkwe, na hakumtoa mpaka akapewa chupa sita za gongo ya plamu. Anuța alirudi na gauni jeusi kwa masizi. Walicheka mwaka mzima.

Kisha ikaja tarehe 29 Mei 2010. Arinul, Gavril bado akiwa golini, walihitaji sare tu dhidi ya klabu ya Tiberiu wasishuke daraja. Dakika ya 88 Tiberiu alipiga mpira wa adhabu, ukampita kaka yake. Hakushangilia. Alitembea hadi golini, akanyoosha mkono. Gavril hakuupokea. "Bora ungeshangilia," alisema, akageuka. Mwaka uliofuata timu ikavunjwa. Ndugu wawili walikaa miaka kumi na mitano bila kusemezana, hata Tiberiu aliporudi kijijini mwaka 2016, nyumba zao zikitenganishwa na ua mmoja. Mama alikuwa akipika maharage sufuria moja na kuyapitishia madirisha mawili.

Hapa ndipo wasifu huelezea ugonjwa. Hapakuwa na ugonjwa. Jumamosi iliyopita, tarehe 14 Juni, Tiberiu alikula supu, akamtania Anuța kwamba kaptula ndiyo iliyosinyaa, siyo yeye aliyenenepa, akaenda kucheza mechi ya wakongwe. Gavril alikuja pia, akasimama nyuma ya goli, upande wa kijito. Yaliyofuata, Gavril mwenyewe ametaka yasomwe kama yalivyotokea.

Mpira ulitoka, ukatumbukia majini. Tiberiu aliita, "Kaka, niletee." Gavril akaingia na viatu vyake, akautoa, akamrushia. Tiberiu akaupokea kwa kifua, akaukanyaga, ukatulia. Kisha akaanguka. Viungo wana hila ya kuanguka, na hakuna aijuaye kama kipa. Gavril akamwambia, "Inuka wewe, acha maigizo."

Hilo ndilo neno lake la kwanza baada ya miaka kumi na mitano. Daktari alisema moyo ulisimama kabla hajafika chini. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Jana asubuhi mzee Nechita, msomaji wa kanisa letu, alipita kuandika majina ya maombi ya msamaha, yale anayoyasoma kwa niaba ya marehemu, na kila anayetajwa hujibu, "Mungu amsamehe." Alipofika kwa Gavril alisita, akauliza kama amruke.

Gavril aliuliza kama hakuna mahali pa aliye hai kumwomba maiti.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema. "Yeye ndiye anaomba. Wewe unajibu."

"Mimi ndiye mwenye kosa, halafu yeye aombe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mzee akakifunika kitabu chake. Ndipo Gavril akasema, "Niandike wa kwanza. Mbele ya mama. Asingoje tena."

Marehemu ameacha mama Palaghia, mjane Anuța, binti zake Ilinca na Rozalia, na kaka yake Gavril, ambaye kwa kawaida angetajwa wa nne au wa tano. Leo mzee Nechita ataanza na jina lake. Tunawaomba mtulie, hata akichelewa kujibu.

Tiberiu apumzike kwa amani. Mpira umeshatulia.