Mzee Soma na Glavu za Mkwewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama juani, Mzee Somaratne Wijekoon anastaafu uamuzi wa kriketi hapa Kosgoda leo, tarehe 31 Machi 2019. Chama chetu cha kriketi kimenipa nusu ukurasa wa kumuaga. Nusu ya chini ni tangazo la mabati. Nitajibana, kama ninavyojibana kwenye kibanda cha mwandishi wa mabao, ambacho mabati hayo hakijayaona bado.

Alianza kama mmenyaji wa mdalasini aliyeombwa kushika nafasi ya mwamuzi mgonjwa. Hakurudi tena kukaa na watazamaji. Waamuzi wengi wanaposimama pembeni hupumzika. Yeye aliinama kidogo, macho kwenye glavu za mlinda wiketi, mdakaji anayekaa nyuma ya nguzo za mpigaji. Sheria anaijua kila mchezaji: mlinda wiketi abaki nyuma ya nguzo, yeye na glavu zake, mpaka mpira uguse gongo au mwili wa mpigaji, au upite nguzo, au mpigaji aanze kukimbia. Akitangulia hata kwa ukucha, mpira ni batili, wapigaji wanapata bao moja na mpira unarushwa upya.

Mlinda wiketi mmoja kijana wa timu ya Posta aliwahi kulalamika, "Mzee, mimi niko nyuma, ni glavu tu imetangulia!"

"Basi iite irudi, tunakusubiri," akajibiwa.

Lakini wengi tunamkumbuka kwa fainali ya 2004, Mdalasini na Posta. Mlinda wiketi wa Mdalasini alikuwa Asela Gunasekara, mchumba wa Ruwani, binti pekee wa Mzee Soma. Mnajimu alikwishapanga hadi saa ya harusi.

Ulibaki mpira mmoja. Posta walikuwa na mpigaji wao wa mwisho na walihitaji mabao mawili. Mpigaji akatoka mbele ya mstari wake, akapiga hewa. Asela akaudaka na kuziangusha nguzo kabla hajarudi, yaani amemtoa. Ngoma na tarumbeta zikalipuka, watu wakavamia uwanja, Mdalasini wakabebana. Hakuna aliyemsikia Mzee Soma, ambaye alikwisha kupaza sauti na kunyoosha mkono: batili. Glavu ziliudaka mpira mbele ya nguzo. Kazi ya mwandishi wa mabao ni kuitazama mikono ya mwamuzi na kuijibu, nami nikapunga leso. Uwanja ulipotulia, Posta wakaandikiwa bao moja, mpira ukarushwa upya, wakapata la pili. Kombe likaenda kwao.

"Harusi gani tena?" alifoka Piyadasa, mjomba wa Asela. "Mtu anamchinja mkwe wake mbele ya umma! Si angefumba jicho moja tu?"

Familia ya kijana ikaacha kuja. Ruwani akaacha kula. Nikamwambia, "Kaka Soma, sema tu macho yalikudanganya. Mtoto anaharibikiwa."

"Mdogo wangu, Asela aliiona glavu yake vizuri kuliko mimi. Nikisema hivyo atajua nimemdanganyia. Nitamwozeshaje Ruwani hivyo?" Akaondoka akifuta macho kwa kofia yake ya uamuzi.

Wiki zikapita. Kisha mazoezini, mjomba akiwa katikati ya kumtukana mzee, Asela akavua glavu.

"Mjomba, inatosha. Mkono ulitangulia. Nilikuwa na uchu wa kombe. Sasa mnataka na Ruwani nimkose?"

Jioni ile alikwenda kwa Mzee Soma na mafungu ya majani ya tambuu, heshima ya anayeomba radhi, akapiga magoti. Mzee akampokea, akamwinua, akaviona vidole vyake vilivyovimba kwa mipira. Akamwita Ruwani alete mafuta, akavichua mwenyewe, kimoja kimoja. Harusi ilifungwa saa ileile ya mnajimu. Piyadasa alikula wali wa nazi kuliko sisi sote.

Tangu hapo Mzee Soma amesimamia mechi za mkwewe nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote. Rekodi ninazo mimi, Chama hakijawahi kuziomba. Asela amedaka mipira iliyotuinua vitini. Mzee alihamisha kokoto ya kuhesabia mipira kutoka mfuko huu hadi ule, uso mkavu.

Jumapili ijayo Asela anacheza tena, na mwamuzi wa pembeni ni mwingine. Ruwani ameshakuwekea kiti, Mzee Soma. Sisi wa Kosgoda tunakushukuru kwa macho yako. Kaa na afya, ule ushibe, na kijana akimtoa mtu, piga makofi mpaka viganja viume.