Mwalimu Hodi na Chumba cha Mwisho wa Varanda

Ndugu zangu, majirani, walimu, wazazi, nanyi nyote mliopita mikononi mwake mkiwa wanafunzi, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada, nikikwama katikati naomba mnisubiri, msinimalizie.

Dada alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu fundi viatu na mama yetu aliyekuwa akiwafulia watu nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na mama alikuwa akitusimulia kwamba alipojua tu kusimama alivuka kizingiti akaenda zake kwa jirani, na tangu siku hiyo kumtafuta dada ikawa kazi ya nyumba nzima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akasoma vizuri hadi darasa la tano, mwaka ambao mama aliungua mkono kwa maji ya kufulia, dada akashika karai badala yake kwa karibu muhula mzima, na katika muda huo wote hakuna mtu wa shule aliyekuja kuuliza amepotelea wapi, aliporudi akakuta jina lake limekwisha kufutwa, baba akaenda kuomba mpaka likarudishwa. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya yote yaliyofuata, mwenyewe hakuwahi kusema hivyo, na ukimchokoza kuhusu jambo hilo alibadilisha mazungumzo akauliza kama umekula.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1976, akahitimu mwaka 1977, na Januari iliyofuata akaripoti katika shule iliyo nyuma ya karakana ya mabasi, shule ambayo hakuihama hadi alipostaafu, akifundisha hisabati kwa kuzunguka darasa zima bila kukaa, hata watoto wakawa wanageuza shingo kama watazamaji wa mpira.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, mtu mtaratibu anayeweza kumaliza asubuhi nzima na waya mmoja, ambaye alikuwa akitutania kwamba ameoa feni, upepo wake anaupata lakini kuishika hawezi. Walijaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, na jana binti yao mkubwa alinivuta pembeni akaniambia, "Mjomba, ukisema mama alikuwa mama wa wote, useme pia kwamba sisi tulimsubiri sana," nami nimeahidi, basi nimesema.

Mwaka 1994 palikuwa na msichana wa darasa lake aliyekuwa mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote, akaanza kukosa shule, leo yupo, kesho hayupo, walimu wengine wakasema ni utoro, dada akaona maneno hayo yanamwasha, akatoka akaenda kupiga hodi nyumbani kwao. Akapokewa na mama wa mtoto, fundi cherehani, ambaye hakuwa anasikia wala kusema, na msichana akasimama katikati yao akitafsiri kwa mikono, dada akamuuliza kwa nini haji shule, msichana akamjibu bila jeuri yoyote, "Mwalimu, nikija shule, mama ataongea na nani?" Ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake zahanati, sokoni, kwa mwenye nyumba, kila mahali.

Kutotulia kwake kukapata pa kwenda. Alitoka pale moja kwa moja hadi zahanati akamwomba nesi aje shuleni mara moja kwa wiki, nesi akashangaa, "Shuleni? Nikafundishe nini?" dada akamwambia, "Hutafundisha, utapima watu, kwa nini mtoto akose hesabu kwa sababu ya kumsindikiza mama yake zahanati?" Mwisho wa varanda palikuwa na stoo ya madawati mabovu, akaisafisha yeye na wazazi wachache, shemeji akafunga taa na kitasa, dada akatia pazia upande wa nesi, karai na pasi kwa ajili ya sare, kabati la nguo zilizokunjwa kama za dukani ili anayechukua achague na asionekane amepewa, chai na mkate kila asubuhi kabla ya kengele, na baadaye akamleta ofisa ustawi wa jamii kuwasaidia wazazi waliofukuzwa kwenye nyumba au waliokosa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Yule fundi cherehani akawa mshonaji wa sare za chumba hicho, naye akawafundisha walimu lugha ya mikono, na yuko hapa nasi leo, mstari wa pili, anayemtafsiria haya ninayosoma si binti yake, ni mwalimu wa darasa la tatu, binti yake ni mpima ardhi, yuko njiani anakuja.

Ndipo watoto walipombandika jina la Mwalimu Hodi, maana akikosekana mtoto siku mbili tu, ya tatu dada yuko mlangoni kwenu.

Mwaka 2004 alikuja mwalimu mkuu mpya, ikatangazwa katika kikao kwamba chumba kile kitakuwa cha kompyuta, dada akasimama akasema maneno makali, mengine hayakustahili kusemwa mbele za watu, akatolewa nje ya kikao. Kwa hasira akahamishia kila kitu varandani, karai, kabati, chai, yote, akidhani amewashinda, na kumbe ndipo alipoumia, kwa sababu kila aliyepita sasa aliona ni nani anapewa shati na ni nani anayetegemea mkate wa shule, watoto wakaanza kuwacheka wenzao, na wale waliokuwa wanahitaji zaidi wakaacha kuja kabisa. Alikuja kwangu jioni moja akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, "Wameonekana," ananiambia, "nimewaanika watoto wa watu kama nguo kwenye kamba," nikamwambia, "Dada, kaa basi," akasema, "Nikikaa nitalia."

Jumapili iliyofuata alikwenda kupiga hodi kwa mwalimu mkuu, akaomba radhi kwanza, kisha akamweleza kwamba kompyuta azilete, ila aziweke mle mle chumbani pamoja na nesi na kabati, na watoto wote wa shule waingie, wa kompyuta na wa mkate kwa mlango mmoja, ili mtu akimwona mwenzake anaingia asijue amefuata nini. Mwalimu mkuu alikubali, lakini kwa sharti kwamba dada asikiongoze tena chumba hicho wala asishike ufunguo wake, na dada naye akakubali, na kwa miaka kumi na tatu iliyobakia akawa kila asubuhi anaomba kufunguliwa mlango na kijana wa kumzaa, aliyekabidhiwa ufunguo. Ilimuuma, tusidanganyane, wengine mlimwona akigeuka ukutani kidogo kabla ya kuingia. Mwalimu mkuu huyo, ambaye sasa naye amestaafu, yupo hapa, na ni yeye aliyeniambia nilisome hili lote bila kulipunguza.

Alistaafu mwaka 2017, na asubuhi iliyofuata alikuwa tena varandani. Mwaka 2021 moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, daktari akamwagiza akae chini, akakaa kwa shingo upande, na alipolazwa mwezi uliopita akawa anatoka kitandani kwake kwenda kwenye vitanda vya wengine, akiwauliza akina mama watoto wamewaacha na nani na nani anawapeleka shule, mpaka nesi wa zamu akasogeza kitanda cha dada karibu na meza yake ili amchunge.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kumwona, akanishika mkono, hakuniuliza habari za nyumbani, aliniuliza kama yule mtoto wa darasa la pili, ambaye baba yake amefungwa, amerudi shule, nikasema sijui, akasema, "Basi kesho usije hapa, nenda ukamwangalie." Nilikwenda. Nilipiga hodi, bibi wa mtoto akanifungulia, akanieleza kwamba yeye macho yamefifia, barabara ya magari hawezi kuivuka, na mtoto anaogopa kuivuka peke yake, nikamsubiri avae, nikamshika mkono, tukavuka, nikamkabidhi kwa kijana wa chumba kile, naye akamkatia mkate. Nikiwa bado varandani simu ikalia, alikuwa shemeji, akiniambia dada ametutoka. Tangu hapo najiuliza nilipaswa kuwa wapi, kando ya kitanda au pale nilipokuwa, sijapata jibu, na nadhani yeye angelikuwa nalo.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi aliyolazwa kwa uvumilivu wao, tunawashukuru majirani waliokaa na shemeji usiku na mchana, walimu wenzake, nesi wa zahanati, ofisa ustawi wa jamii, na wazazi mliofika na watoto migongoni. Kijana mwenye ufunguo ameniomba nitangaze kwamba Jumatatu chumba kitakuwa wazi kama kawaida, nesi atakuwepo, mwenye mtoto anayekohoa amlete, na majirani wa yule bibi wamekwisha kupangiana zamu za kumvusha mjukuu wake.

Dada, mtoto alifika shule, na jana pia alifika. Lala salama.