Nilivyompeleka Mtoto Kerio kwa Sababu ya Picha ya Tumbo

Ejok, hamjambo akina mama. Nimeombwa niongee, na mimi si mtu wa kuongea, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni wa Kakuma. Nikiwa na miaka arobaini na kitu, hedhi ilianza kuja nzito, na tumbo likawa linaniuma upande mmoja. Nikapigwa picha ya tumbo pale kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, nikapewa majibu nikaondoka bila kuelezwa. Jirani akanisomea: kuna uvimbe kwenye ovari, na ukuta wa kizazi umenenepa. Kisha akasema, "Mama, hii ni kansa."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, siku hiyo nilijizika. Nilimchukua binti yangu, kitindamimba, nikampeleka Kerio kwa dada yangu anayeuza samaki. Nilitaka amzoee mapema. Mtoto aliniuliza, "Utarudi lini?" Nikajifanya nafunga mzigo.

Mume wangu ndiye alikataa. Akasema, "Jirani si daktari. Twende Lodwar."

Daktari wa Lodwar, mama mpole, aliangalia majibu, akaniuliza, "Bado unaona mwezi?"

"Naona."

"Hii picha ulipigwa karibu na hedhi?"

Nikasema ndiyo, ilianza kesho yake.

"Basi ukuta kuwa mnene wakati huo si ajabu. Hunenepa kila mwezi, halafu unatoka na damu. Na huu uvimbe ni kifuko cha maji. Ovari hutengeneza kifuko cha yai kila mwezi, na kingine huchelewa kuisha."

Nikamuuliza kama nitakufa. Hakucheka. Alisema, "Sioni dalili ya kansa hapa, lakini sitaki kukisia. Baada ya miezi michache tutapiga tena, hedhi ikishaisha tu. Maumivu yakizidi ghafla, usingoje, njoo." Akanipima damu, ikawa imepungua, akanipa dawa.

Kungoja kulikuwa kugumu, sitawadanganya. Lakini picha ya pili ilionyesha kifuko kimeisha na ukuta umekuwa mwembamba. Kulikuwa na fibroidi ndogo, uvimbe wa kizazi usio kansa, ndiyo iliyoleta ile damu nyingi. Naitibu mpaka leo.

Kutoka hospitali sikupitia nyumbani. Nilienda Kerio moja kwa moja. Binti yangu alisimama mbali, akauliza, "Umekuja kunisalimia ama kunichukua?" Dada yangu alikuwa tayari anakunja nguo za mtoto. Akasema, "Mchukue. Mimi nilikuwa namlisha tu. Sikuwahi kukubali kwamba umeniachia."

Namshukuru dada yangu, mume wangu, na yule daktari. Na nyinyi, mkipewa majibu, msiondoke pale mlangoni. Rudini ndani muulize: hii ni nini, na tunafanya nini sasa? Ulizeni kabla hamjaanza kugawa watoto.