Kuni za Mzee Eino Kangas

Mchungaji, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imeona isimulie maisha yake kama yalivyokuwa, hata pale yanapotuuma.

Marehemu Eino Kangas alizaliwa tarehe 14 Februari 1938, shambani kwa wazazi wake kaskazini mwa Michigan, Marekani, mtoto wa tano wa wahamiaji kutoka Ufini waliofuata kazi ya migodi ya shaba, akasoma shule ya kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1956 akaingia mgodini, na mgodi ulipofungwa mwaka 1969 akageukia ukataji wa magogo hadi alipostaafu mwaka 2001.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Aili Niemi, wakajaliwa binti mmoja, Marjatta, wakajenga sauna, kile chumba cha Kifini cha kuogea kwa mvuke wa moto wa kuni, kabla ya nyumba yenyewe, na tangu hapo hakuna mgeni aliyefika kwao asiwashiwe moto na kukaribishwa kwenye mvuke. Mama Aili alitangulia mwaka 2015.

Kuanzia Februari 2023 moyo na nyonga vilimlemea, Marjatta akawa anamwinua kitandani, anamwogesha na kumvisha kabla ya kwenda kuendesha basi la shule, na mzee alikuwa na ombi moja tu, afie nyumbani kwake. Ndipo akaombewa msaidizi wa nyumbani, yule anayelipwa na serikali ili wazee wasilazimike kwenda makao ya wazee, na tarehe 11 Oktoba mkaguzi akaja kupima kama kweli hajiwezi.

Mzee alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, Marjatta akaoka mkate wa iliki, na alipomsihi atulie kitini, mzee akafoka, "Mgeni aje kwangu aondoke bila sauna? Unataka nichekwe?" akatoka, akarudi amekumbatia kuni, anatembea wima kama kijana. Mkaguzi akashangaa, "Kumbe mzee uko ngangari! Hizi unabeba kila siku?" na kabla mzee hajajibu, Marjatta, kwa kujivunia baba yake, akadakia, "Kila siku! Jaribu kumzuia uone."

Kuni hizo alikuwa hajazigusa kwa miezi minane. Mkaguzi aliandika, akanywa kahawa, akaaga bila hata kuingia sauna, na mzee akalala siku mbili asiweze kuinuka. Barua ilisema ana nguvu za kutosha, hastahili msaidizi, na rufaa nayo ikajibiwa kwa kuni zilezile.

Tarehe 3 Januari 2024 alianguka akiwa peke yake, akavunjika nyonga, na kutoka hospitali akapelekwa makao ya wazee, ambako serikali ilimlipia kitanda bila swali, akawa anaogeshwa kwenye kiti kila Jumanne, na kila Jumamosi, siku yake ya sauna tangu utotoni, akiuliza kama moto umeshawashwa. Alifariki huko tarehe 17 Septemba, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 86.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa upole, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na madereva waliomshikia Marjatta zamu zake. Marjatta huyo ndiye anayewasomea haya, na angetoa chochote alichonacho ili alirudishe lile neno lake la siku ile.

Pumzika kwa amani, Baba, sauna inawaka tangu asubuhi, na kuni nimezibeba mimi.